Mwalimu wa Ng'ambo ya Bonde

Kufikia mwaka 1973 Rubeni Shemhilu alikuwa na hamu moja tu katika tarumbeta: apige wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa. Hakutaka sifa wala cheo. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, ana shamba lake la chai juu ya Mponde, na balozi wa nyumba kumi hakuamua jambo kubwa bila kumwita. Lakini kila Jumamosi alasiri, ndani ya kanisa dogo la Kilutheri kijijini kwao, fimbo ya Mzee Tobia iligonga sakafu, tok, na Rubeni akaishusha tarumbeta kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Rudia."

"Kutoka wapi, Mzee?"

"Kutoka ulipoharibu."

"Niliharibu wapi?"

"Ungejua, ungeharibu?"

Wenzake wa kikundi walitazama viatu vyao. Yeremia, mpiga besi, mtu mnene mwenye utani, alijifanya anamwaga mate yaliyokusanyika ndani ya chombo chake ili asionekane anacheka. Rubeni alirudia. Fimbo ikagonga tena, mahali palepale.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tobia Kaniki alijifunza tarumbeta ujanani kwa wamisionari, na walipoondoka aliendelea nayo kama mtu anavyoendelea na jembe la baba yake. Alikuwa mkulima, mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Alimchukua Rubeni miaka michache kabla ya Uhuru, Rubeni akiwa bado anachunga mbuzi wa baba yake. Siku za kwanza walifanyia mazoezi uani kwa Tobia. Mkewe, Mama Efrazia, alivumilia juma moja, kisha akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuku wangu wameacha mayai," alisema. "Kuku mzima anaruka kutoka kwenye kiota kama anakimbia moto. Nyinyi wawili, ama mtafute mahali pengine, ama mje mlalie mayai wenyewe."

Basi wakahamia milimani. Nyumba ya Tobia ilikuwa kwenye mgongo mmoja wa mlima, nyumba ya kina Rubeni kwenye mgongo wa pili, na kati yao lilikuwa bonde la magimbi na migomba, na kijito chini kabisa. Tobia alisimama upande wake, akapiga mstari mmoja wa wimbo. Rubeni alisimama upande wa pili, akaupokea na kuurudisha. Ukiwa sawa, Tobia alipiga mstari unaofuata. Ukiwa na kosa, aliupiga uleule tena. Hapakuwa na neno lolote. Wanawake waliokuwa wakichota maji kijitoni ndio walioongea kwa niaba ya wote.

"Rubeni! Leo umeshindia nini, mbona unalia?"

"Mwacheni, anatafuta mbuzi wake!"

Sauti ilichukua muda kuvuka bonde. Kwa hiyo Tobia alimfundisha, kwa kupiga tu, kwamba sauti ya mwisho ya kila mstari huishikilia, na huishikilia tena, mpaka ifike ng'ambo na mwenzako aipokee. Ukiikata mapema, hewa inabaki tupu na upepo unaingia katikati ya wimbo. Rubeni aliijua kanuni hiyo kwa mapafu yake kabla ya kuijua kwa akili. Na kwa kuwa Tobia ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani, waumini wote walizoea kuimba hivyohivyo. Walipokwenda mkutano wa kanisa Bumbuli au Bungu, wageni waliwatambua. Wenzao walikuwa wamekwishafunga kitabu, wao bado wako kwenye neno la mwisho, macho yamefumbwa.

Siku ya Uhuru, Desemba 1961, kikundi kilipiga tarumbeta asubuhi mbele ya umati, na Tobia akampa Rubeni sauti ya kwanza. Alisimama kulia kwake, bega karibu na bega, akipiga sauti ya pili chini kidogo ya mwanafunzi wake, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Rubeni hakuogopa chochote siku ile. Baadaye alisema kwamba hakumbuki hotuba hata moja, anakumbuka joto la bega lile.

Kisha meno yakaharibu kila kitu.

Ilikuwa miaka saba hivi baada ya Uhuru. Meno ya mbele ya Tobia yalioza, akang'olewa, na mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele ni kama mtu anayetaka kusimama bila visigino. Midomo haina pa kuegemea. Alijaribu mwezi mzima peke yake, na kijiji kizima kilisikia, kwa maana hapakuwa na mahali pa kujificha na chombo cha namna ile. Ilitoka pumzi, ikatoka mluzi, ikatoka kitu kama kilio cha ndama. Siku moja kukawa kimya. Jumamosi iliyofuata alikuja kanisani na fimbo badala ya tarumbeta, akaketi kwenye benchi la mbele, akasema, "Pigeni."

Tangu hapo ikabidi afundishe kwa maneno, na maneno hakuwa nayo. Miaka yote alikuwa ameonyesha, hakuwahi kueleza. Sasa alilijua kosa, alilisikia kama mtu anavyosikia mwiba ndani ya kiatu, lakini hakuweza kulipiga ili Rubeni alisikie pia.

"Hapo umeingia kama mtu aliyekwisha kula," alisema.

"Aliyekwisha kula anaingiaje, Mzee?"

"Polepole. Bila njaa."

"Kwa hiyo niingie kwa nguvu?"

"Nimesema nguvu? Nimesema njaa!"

Rubeni aliingia kwa nguvu. Tok. Aliingia taratibu. Tok. Yeremia akasema huenda wote waende nyumbani wakale kwanza ndipo wajue tofauti, na Tobia akamtazama mpaka akatafuta tena mate ya kumwaga.

Miaka ikaenda hivyo. Kiwanda cha chai kikaanza kazi Mponde, watu wakaacha mahindi kwenye miteremko wakapanda chai. Likaja shamba la kijiji, likaja duka la ujamaa, na kikundi cha tarumbeta kikaanza kuitwa kupokea wageni wa Chama. Rubeni alishika jembe la pamoja siku za kazi za kijiji, alichuma majani yake siku nyingine, na Jumamosi alipeleka mdomo wake ukagongewe. Wakati mwingine alipita wiki nzima bila kuusikia wimbo wowote ukifika mwisho.

Mwezi wa sita mwaka ule wa 1973 wilaya iliita mpigaji mmoja kutoka kila kikundi, wakafundishwe Lushoto kwa ajili ya sherehe za Saba Saba. Akachaguliwa Rubeni. Mwalimu wao alikuwa Afande Saidi, mstaafu wa bendi, mtu wa pwani, mfupi, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata ungeweza kukatia mkate. Siku ya kwanza walipiga wimbo mmoja pamoja. Wenzake wote walimaliza mstari wa kwanza, na Rubeni akabaki hewani peke yake.

Afande akainua mkono. "Wewe wa milimani huko. Unamsubiri nani?"

Watu wakacheka. Rubeni alifungua mdomo ajibu, akaona jibu lenyewe halisemeki mbele ya watu: namsubiri mzee mmoja upande wa pili wa bonde.

"Simsubiri mtu, Afande."

"Basi kata. Sauti ina urefu wake. Hesabu: moja, mbili, tatu, kata. Kama kukata utepe."

Wiki zile mbili zilimpa Rubeni furaha aliyoionea haya. Kila kitu kilikuwa na jina na hesabu. Alipokosea aliambiwa amekosea nini, na alipopatia aliachwa aendelee. Afande hakujali yeye ni nani. Siku ya kuagana alimpa mkono akamwita Lucian, jina la mpigaji wa Gare aliyekaa karibu naye. Rubeni hakumsahihisha. Aliona ni nafuu kufundishwa na mtu asiyekujua.

Alirudi kijijini na kukata kwake. Akawafundisha wenzake nyuma ya duka la ujamaa siku za katikati ya juma, Tobia asipokuwepo, nao wakapenda, maana pumzi zilipumzika. Lakini Jumamosi, kila walipokata, fimbo ilikatiza kukata kwao.

"Mbona mnaitupa?" Tobia aliuliza. "Sauti nzuri hivi, mnaitupa bondeni kama maganda?"

"Ndivyo inavyotakiwa, Mzee. Tulifundishwa Lushoto."

"Lushoto kuna bonde gani?"

Rubeni aliamua kuzungumza naye faraghani. Alikwenda nyumbani kwake mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, akamkuta anapogoa chai. "Shikamoo, Mzee," alisema, na baada ya neno hilo hakuweza kusema lile lililomleta. Utamwambiaje mtu uliyemwinamia hivi punde kwamba asikugongee tena? Wakazungumza habari za mvua. Alirudi mara ya pili, wakazungumza habari za mbolea. Mara ya tatu Tobia hakuwepo, na Mama Efrazia, aliyekuwa akimenya magimbi kizingitini, alimtazama usoni.

"Una jambo, mwanangu."

"Mama, mwambie Mzee apumzike. Umri umekwenda. Sisi tutaendesha kikundi, yeye aje Jumapili tu, akae asikilize."

"Akae asikilize." Mama Efrazia alitupa gimbi sufuriani. "Umewahi kuniona mimi nakaa jikoni mwa mwenzangu, naona ugali unaungua, nasikiliza?"

"Hauungui, Mama. Ni mapishi mengine tu."

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi nimeishi naye miaka yote hii bila kumwambia hata kofia yake imechakaa. Usinitwishe mzigo wako."

Hakumwambia. Na kwa kuwa hakumwambia, neno lilikaa ndani likachacha.

Pasaka ya mwaka 1974 ilikuwa inakaribia. Kwa watu wa kanisa lile Pasaka haikuanza kanisani, ilianza makaburini alfajiri. Kikundi kilitangulia na tarumbeta, waumini wakafuata ndani ya ukungu, kila mmoja akasimama karibu na wafu wake, na jua lilipotokea wimbo wa ufufuo ukapigwa beti zote. Ulikuwa wimbo mrefu kuliko zote walizozijua. Hakuna aliyegonga kitu makaburini. Rubeni aliisubiri alfajiri ile kama likizo.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi wakaufanyia mazoezi. Ubeti wa kwanza, tok. Wakarudia. Tok. Wakarudia. Walipofika ubeti wa pili fimbo ikagonga tena, na mikono ya Rubeni haikushuka. Hakupanga. Aliendelea kupiga. Fimbo ikagonga kwa nguvu zaidi. Wale wengine wakaacha mmoja mmoja, Yeremia wa mwisho, na Rubeni akaendelea peke yake, akikata kila mstari safi kama utepe, na fimbo ikigonga chini yake kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Akafika mwisho. Akashusha tarumbeta.

"Umemaliza?" Tobia akauliza.

"Nimemaliza."

"Peke yako."

"Mzee, mimi nina watoto wanne. Wa kwanza amekwisha pata kipaimara. Na kila Jumamosi unanigongea kama ng'ombe."

"Ng'ombe akigongewa hugeuka."

Mtu mmoja akacheka, akajuta. Rubeni alisikia damu masikioni. "Tangu leo usinigongee."

"Nigonge wapi basi?"

"Nyumbani kwako."

Neno lilitoka, na hakuna aliyekuwa na namna ya kulirudisha. Mtu hamwambii mzee wake neno kama lile, tena ndani ya kanisa, tena mbele ya wenzake. Rubeni alingoja fimbo, matusi, hata kofi. Angepokea kofi kwa shukrani. Tobia aliinuka taratibu, akavaa ile kofia iliyochakaa.

"Haya," akasema, akatoka.

Hakuja Jumamosi iliyofuata. Kikundi kilifanya mazoezi kwa amani, na amani yenyewe ilikuwa ngumu kama mkate wa jana. Yeremia alianza mzaha mmoja akauachia njiani.

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulikuwa mzito hata misalaba ya karibu ilionekana kama watu waliosimama. Waumini walipanda kilimani kimya, khanga zimefunikwa vichwani. Rubeni alimwona Tobia akipita na Mama Efrazia, akaenda kusimama upande wa chini, penye kaburi la mama yake. Hakutazama upande wa tarumbeta. Jua lilipogusa mlima wa ng'ambo, Rubeni akahesabu, wakaanza.

Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Moja, mbili, tatu, kata. Wakaingia wa pili. Lakini watu hawakukata. Watu, kanisa zima, wazee kwa vijana, walibaki wameishikilia sauti ya mwisho kama walivyozoea maisha yao yote, na walipoiachia tarumbeta zilikuwa zimekwisha ondoka. Wakakimbilia kuzifuata. Mwisho wa mstari wa pili wakashikilia tena. Kufikia ubeti wa tatu kikundi kilikuwa mbele kwa mstari mzima, na kila upande uliona mwenzake ndiye anayeharibu.

"Enyi!" Bibi Marta, mjane ambaye mumewe alizikwa hatua chache kutoka hapo, alipaza sauti. "Mnakimbizwa na nani? Wafu wenyewe hawana haraka!"

Vicheko vikapita makaburini. Rubeni alihisi uso unaungua. Angeweza kusubiri. Alijua namna ya kusubiri kuliko mtu yeyote mlimani pale. Ilikuwa kazi ya pumzi moja tu kuishikilia sauti na kuwangoja wafike. Lakini kusubiri kungekuwa kukiri, na Tobia alikuwa pale chini, amesimama wima, anaimba kwa mdomo usio na meno. Kwa hiyo Rubeni alihesabu, akakata, akahesabu, akakata. Hakuna fimbo iliyogonga. Alipiga wimbo ule mrefu tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa, na alipoushusha mkono watu walikuwa bado wanaimba. Wakaumaliza wenyewe, bila tarumbeta, wakaishikilia sauti ya mwisho kadiri walivyopenda.

"Mghosi," Yeremia alimnong'oneza, akimwita mzee mwenzangu kwa Kisambaa, "sisi tumefika. Mizigo iko nyuma."

Rubeni hakucheka.

Jumatatu ya Pasaka alikwenda kwa Tobia. Safari hii neno lilikuwa tayari: nimekosa heshima, nisamehe, na uniambie wimbo ule nifanyeje. Aliuzunguka ua kama kawaida yake ili aingilie jikoni, kwa kuwa miaka yote mlango wake katika nyumba ile ulikuwa wa jikoni. Mama Efrazia akamwahi njiani.

"Pita mbele, Baba. Mzee yuko sebuleni."

Sebuleni palikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa kilichodariziwa, kiti cha mchungaji na wakaguzi wa chai. Tobia aliinuka, akampa mkono, akamwonyesha kiti hicho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, Bwana Rubeni. Habari za nyumbani?"

Hakuwahi kumwita bwana. Ikaletwa chai kwenye kikombe chenye kisahani, na maandazi yamefunikwa. Rubeni aliomba msamaha kwa maneno yote aliyokuja nayo, macho chini. Tobia alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Yamekwisha," alisema. "Mimi nilikuwa nimechoka pia. Haya, chai yako imeponaje na ile baridi?"

"Imepona, Mzee. Lakini jana makaburini, watu walibaki nyuma."

"Watu wana mambo yao."

"Nilikosea wapi?"

Tobia alichovya andazi, akalitafuna kwa ufizi, taratibu. "Mlipiga vizuri," alisema.

Rubeni alikitua kikombe. Tangu alipokuwa mchunga mbuzi hadi siku ile hakuwahi kuambiwa neno hilo na mtu huyu, na sasa alipewa kama anavyopewa mgeni andazi, kwa sababu lipo mezani.

"Mzee, hatukupiga vizuri. Ulisikia mwenyewe. Bibi Marta alisikia. Niambie hata neno moja."

"Mimi nitasema nini? Mimi ni mkulima wa chai. Nyinyi mmesoma Lushoto."

"Nigongee basi!" Rubeni alisema, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Gonga hata meza!"

Jikoni, sufuria ikaacha kulia. Tobia alimtazama kwa upole, ule upole wa watu wasiodaiana neno.

"Ongeza chai," alisema. "Mama Efrazia! Mwongezee mgeni."

Alikunywa kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Walizungumza habari za duka la ujamaa, za ukosefu wa sabuni, za mvua za masika zilizochelewa. Kila alipojaribu kurudi kwenye wimbo, Tobia alimfungulia njia nyingine ya mazungumzo, kwa adabu, kama mtu anayemtoa mgeni kwenye matope. Rubeni alipoaga, mzee alichukua kofia, akatoka naye, akamsindikiza kupita chai yake hadi kwenye jiwe la mpaka, mahali panapofaa kumsindikiza mtu wa mbali. Miaka yote Rubeni aliondoka nyumba ile mbio, akiitiwa mgongoni aende akafanye mazoezi.

"Karibu tena, Bwana Rubeni," Tobia alisema. "Umsalimie mama watoto."

"Zimefika, Mzee," Rubeni alijibu, kama wageni wanavyojibu, akashika njia ya bondeni amekunja ngumi.